Riwaya Isiyokuja: Kumbukumbu za Msomaji Aliyengoja

Kuna msomaji mmoja ambaye nadharia zetu za uhakiki hazijampa kiti. Huyu ni msomaji wa kitabu ambacho hakijaandikwa. Amekwisha kusoma vilivyotangulia, amevirudia mara mbili au tatu, anawajua wahusika kama anavyowajua majirani zake, na sasa anangoja. Katika kungoja huko hukisia, hubishana na wenzake, hukasirika, huapa kwamba hatasoma tena, kisha hurudi kuuliza kama kuna habari. Tumezoea kumwita shabiki, na neno hilo halina heshima kubwa katika idara zetu kwa kuwa tumelizoea katika habari za kandanda. Makala haya yanakusudia kumtafutia msomaji huyo mahali pa kukaa. Lakini kwanza sina budi kueleza jinsi mimi mwenyewe nilivyomfukuza mlangoni.

Mapema mwaka 2021 alinijia mwanafunzi mmoja wa uzamili akiwa na pendekezo la tasnifu la kurasa nane. Pamoja na karatasi hizo alileta vitabu vitatu vilivyochakaa, majalada yamekunjamana, alivyovinunua katikati ya jiji la Nairobi kwa wale wauza vitabu wa kando ya barabara ambao wateja wao huwataja kwa utani kwa neno 'inama', maadam mnunuzi hana njia ya kuchagua ila kuinama. Vilikuwa vitabu vya Dragonlance. Nilikuwa sijapata kuvisoma. Nilivitazama majalada yake, majoka na wapiganaji wenye mapanga, na hukumu yangu ikawa imekwisha kutolewa kabla kijana hajaketi.

Inafaa nieleze ulimwengu huo ni upi, kwa kuwa hoja yangu inautegemea. Unaitwa Krynn, nao haukuzaliwa katika kichwa cha mtu mmoja aliyejifungia chumbani. Tracy Hickman na mkewe Laura waliuwaza wakiwa safarini kuelekea Lake Geneva, mji mdogo wa jimbo la Wisconsin nchini Marekani, ambako mume alikuwa amepata kazi katika kampuni ya TSR iliyotengeneza mchezo wa Dungeons & Dragons. Mchezo huo, uliotolewa mwaka 1974, huchezwa na watu walioizunguka meza. Mmoja wao husimulia; wengine, kila mmoja na mhusika wake, huamua mhusika huyo atende nini; na pale matokeo yanapokuwa na shaka hurushwa dadu. Riwaya ya kwanza ya Krynn, Dragons of Autumn Twilight, ya Margaret Weis na Tracy Hickman, ilitoka mwaka 1984 sambamba na michezo iliyosimulia vita vile vile. Kwa hiyo msomaji wa riwaya hiyo hakuwa msomaji tu. Akitaka, angeweza usiku uo huo kukaa mezani na wenzake akaipeleka hadithi mahali ambapo waandishi hawakuipeleka.

Baadaye wakaitwa waandishi wengine. Katika vitabu vya mwanzo alitajwa shujaa wa kale aliyeitwa Huma, jina tu la kuapiwa, kama sisi tunavyomtaja mtu wa zamani bila kuhitaji kumweleza. Mwaka 1988 mwandishi mwingine kabisa, Richard Knaak, alimwandikia Huma riwaya yake. Likafuata jina jingine, na jingine, hata riwaya za ulimwengu huo zikapita mia moja. Mwaka 1997 kampuni iliyoumiliki ilinunuliwa na kampuni ya Wizards of the Coast, na ilipofika mwanzoni mwa muongo wa 2010 riwaya mpya zikakoma. Hapakuwa na ugomvi wala mazishi. Zilikoma tu. Wasomaji wakabaki na ulimwengu mzima mikononi mwao na hakuna aliyekuwa akiuandika.

Kisha, mnamo Oktoba 2020, zikaja habari za riwaya mpya, nazo hazikuja kwa tangazo la mchapishaji bali kwa hati ya mashtaka. Weis na Hickman walikuwa wameishtaki kampuni hiyo katika mahakama ya shirikisho jimboni Washington, wakidai kwamba imevunja mkataba wa riwaya tatu ambazo wao walikuwa wamekwisha kuanza kuziandika. Hebu mhakiki afikiri hali hiyo. Wasomaji wanapata kujua kwamba kitabu wanachokingoja kipo, tena kimeandikwa, kwa kusoma kwamba huenda wasikione kamwe. Kesi iliondolewa Desemba mwaka huo huo na walalamikaji wenyewe. Riwaya ya kwanza katika hizo tatu, Dragons of Deceit, ilitoka Agosti 2022. Mwanafunzi wangu alinijia kati ya miezi hiyo miwili, wakati kesi imeondolewa na kitabu hakijatoka.

Wala hakutaka kukihakiki kitabu. Alitaka kuchunguza jambo ambalo wasomaji huutenda ulimwengu wa kubuniwa wakati hakuna kitabu. Alikuwa na daftari la shule la kurasa tisini na sita, aliloandika humo makisio yake na ya rafiki zake watano waliokaa naye bwenini: nani atarudi, nani atakufa, deni gani la hadithi za mwanzo litalipwa. Yote yaliandikwa kwa Kiswahili, pengine Kiswahili cha darasani na pengine Sheng, kwa kuwa ndiyo lugha waliyobishania. Nilimwambia kwamba mtu hahakiki kitabu ambacho hakijatoka. Akanijibu, kwa adabu, "Daktari, mimi sitaki kukihakiki kitabu. Nataka kuhakiki kule kungoja." Nilicheka. Katika fomu ya tathmini niliandika maneno matatu ambayo kamati iliyakubali bila mjadala: pendekezo halina matini. Kijana akabadilisha mada, akaandika juu ya nafsi za usimulizi katika riwaya mbili zinazotahiniwa kila mwaka, akahitimu vizuri, na sasa anafundisha shule ya upili. Tasnifu yake haina kosa. Haina pia ukurasa mmoja ambao aliuandika kwa kupenda.

Wasomaji wa jarida hili watakumbuka kwamba Stanley Fish, mwaka 1980, alikipa kitabu chake jina lililo swali, kama mna matini katika darasa hili. Mimi nilikuwa nimekifundisha kitabu hicho kwa miaka kadhaa. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi kwamba maana haikai katika karatasi ikimngoja msomaji kama chai katika birika, kwamba ni jumuiya ya wafasiri inayoifanya matini iwe matini. Nikatoka darasani, nikaingia ofisini, nikamwambia mtu mwenye jumuiya ya wafasiri sita na daftari lililojaa kwamba hana matini.

Nadharia ya upokezi, ambayo ndiyo ingemtetea, nayo haikumfaa sana. Tangu Hans Robert Jauss atoe hotuba yake huko Konstanz mwaka 1967 tumekuwa tukizungumzia upeo wa matarajio: kila msomaji hukiendea kitabu akiwa na mambo anayoyatazamia, na kitabu chenye uzito huuvunja upeo huo au huusogeza. Ni hoja nzuri, lakini tazama jinsi inavyoyafanya matarajio kuwa kizingiti tu. Msomaji anasimama mlangoni na upeo wake, kitabu kinakuja, upeo unavunjika, kazi imekwisha. Haitupi lugha ya kumzungumzia mtu anayekaa kizingitini miaka kumi, akafagia hapo, akapika hapo, akalea watoto hapo. Wolfgang Iser naye aliyaona mapengo yaliyo ndani ya matini. Pengo lililo baina ya kitabu na kitabu hakulishughulikia, wala sidhani kwamba lilimhusu.

Ajabu ni kwamba fasihi yetu inalijua jambo hili tangu zamani. Fanani wa hadithi hasimulii mpaka hadhira iitikie, na neno ambalo hadhira huitikia ni 'njoo'. Hadithi huitwa kabla ya kusimuliwa. Mwitaji ndiye wa kwanza kufanya kazi. Vivyo hivyo, ulimwengu wenye waandishi wengi si jambo la kushangaza kwa watu waliolelewa na Fumo Liyongo. Muhammad Kijuma aliuandika utenzi wake mwaka 1913, lakini hakumbuni Liyongo. Alimkuta katika masimulizi ya watu wa pwani, na Wapokomo wanaye Liyongo wao. Kila msimulizi aliingia katika ulimwengu uliokuwa na mji, mfalme, mama, mwana na sindano ya shaba, akaongeza alichoongeza. Hapakuwa na kampuni ya kuomba ruhusa kwake. Nataja jambo hili kwa tahadhari, kwa sababu tuna tabia mbaya ya kudai kwamba kila kilicho kwa wengine kilianzia kwetu. Liyongo hana mchapishaji wala kesi mahakamani, na msikilizaji wa Liyongo hangoji tarehe ya kutolewa. Anajua mwisho wake. Anayengoja riwaya haujui, na tofauti hiyo ni kubwa.

Aliyenifundisha kungoja ni baba yangu, mtu ambaye hakupita darasa la nane. Alikuwa na vitabu vya Muhammed Said Abdulla vimepangwa juu ya kabati pamoja na msahafu na stakabadhi za kodi, na alimpenda Bwana Msa kama mtu anavyompenda amu yake. Vitabu hivyo si vya kifantasia, ingawa majina kama Mzimu wa Watu wa Kale na Kisima cha Giningi hututisha kwanza kwa mizimu na wachawi kabla Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, hajatuonyesha mkono wa binadamu. Riwaya ya kwanza ilitoka 1960 na ya pili 1968. Katika miaka ya sabini zikaja mfululizo, 1973, 1974, 1975, 1976. Kisha kimya hadi Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Kimya hicho cha miaka minane baba alikijaza mwenyewe. Hata baada ya kuzaliwa sisi, na baada ya Kosa kupatikana, hakuiacha tabia hiyo. Alitusimulia visa vya Bwana Msa na Najum baada ya chakula cha usiku, na kimoja nilichokipenda kilihusu saa ya mfukoni iliyosimama kila ilipoingizwa katika nyumba fulani. Nilipofika chuo kikuu nilikitafuta kisa hicho katika riwaya zote. Sikukipata. Nilipomwuliza baba alinitazama kana kwamba nimemtukania rafiki yake, akasema, "Kimo. Hujatafuta vizuri."

Nilikuwa na jambo hili nyumbani kwetu tangu utoto, na bado sikulitambua lilipoingia ofisini kwangu na vitabu vitatu vya kando ya barabara. Sababu naijua sasa. Mimi pia nilikuwa nangoja kitabu, na sikutaka mtu anione.

Katika mwaka wangu wa pili chuoni, 2002, mhadhiri mmoja alitusomesha Nagona na Mzingile za Euphrase Kezilahabi, zilizotoka Dar es Salaam mwaka 1990 na 1991. Kila moja haifiki kurasa mia. Wenzangu wengi walizichukia. Walikuwa wamemzoea Kezilahabi wa Rosa Mistika na Dunia Uwanja wa Fujo, mwandishi wa Ukerewe yenye njia na nyumba na watu wenye wazazi, na ghafla wakatupwa katika ulimwengu usio na ramani, ambamo msimulizi anasaka ukweli, wakati haufuati saa, na wanafalsafa wa karne mbalimbali ni kama wakazi wa mji mmoja. Nagona inatuachia tarajio la mkombozi. Mzingile inatupeleka hadi baada ya maangamizi, mahali ambapo maisha ni kama yanataka kuanza tena. Hapo ndipo inaposimama. Nami, nikiwa na umri wa miaka ishirini na kidogo, niliamini kwa yakini kwamba kipo kitabu cha tatu. Hakuna aliyeniambia. Mwandishi hakuahidi popote. Lakini mtu hawezi kukupeleka hadi mwanzo wa dunia akakuacha hapo.

Nitaje kando jambo moja ambalo sina la kulifanyia. Kezilahabi alipata shahada yake ya uzamifu mwaka 1985 katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, mjini Madison. Lake Geneva, walikokuwa wakiandika akina Weis na Hickman, iko katika jimbo lilo hilo, safari ya asubuhi moja kwa gari. Sidai kwamba walijuana wala kwamba theluji ya Wisconsin huzaa ulimwengu wa ajabu. Ninasema tu kwamba katika miaka ile ile, chini ya mbingu ile ile, kampuni moja ilikuwa ikijenga ulimwengu wenye milango mia kwa ajili ya wasomaji wengi, na Mkerewe mmoja alikuwa akisoma falsafa na nadharia, na baada ya miaka michache angeandika ulimwengu wenye milango miwili tu. Nilipoligundua jambo hilo nilijikuta nimevitazama upya vile vitabu vitatu.

Kungoja kwangu kulikuwa na matokeo, na haya ndiyo yaliyonifanya niandike. Mwaka uo huo wa 2002 ilitoka Bina-Adamu! ya Kyallo Wamitila, na mwaka mmoja kabla yake ilikuwa imetoka Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed. Baadaye zikaja Musaleo! mwaka 2004 na Dunia Yao mwaka 2006. Nikirudi nyuma kidogo nilimkuta Katama Mkangi na Walenisi yake ya 1995, nchi ambayo jina lake ukilifungua unakuta watu wale kuwa ni sisi. Nilizisoma zote kwa pupa, na zote nilizisoma vibaya. Nilikuwa nikiuliza kila moja kama ndiyo ile. Wamitila alipomtembeza msimulizi wake mabara na mabara hadi kijiji cha utandawazi, akimsaka yule P.P. ambaye nyayo zake ziko kila mahali, mimi nilikuwa nikitazama kama safari hiyo inaanzia pale Mzingile ilipokomea. Mohamed alipomfufua Babu ili amwonyeshe K uozo wa dunia aliyoachiwa, nilimpima Babu huyo kwa vizee vya Kezilahabi na kumwona anasema mno. Katika tasnifu yangu ya uzamili mna sura nzima, ya kurasa arobaini na tatu, inayohitimisha kwamba riwaya hizi ni mwangwi wa Nagona. Mtahini wa nje aliisifu. Hadi leo hunukuliwa na wanafunzi, nami hushindwa kuwaambia kwamba sura ile haikuhakiki kitabu chochote kilichopo. Ilihakiki upungufu wa vitabu vyote mbele ya kitabu kimoja ambacho hakipo.

Nikizisoma sasa naona nilichokosa kukiona. Babu wa Mohamed anasema mno kwa sababu ana hasira ya kisiasa yenye anwani. Anajua nani ameuza nini. Kejeli ya Wamitila si ya mtu anayeutafuta ukweli uliojificha, ni ya mtu ambaye ameshamwona mwizi na anashangaa kwamba wengine wanampa mkono. Kuna shaka katika Kezilahabi ambayo hawa hawana, na kuna ghadhabu katika hawa ambayo Kezilahabi aliiacha nyuma yake tangu Gamba la Nyoka. Wanashiriki njia za usimulizi, naam: msafiri asiye na jina kamili, wakati uliovurugika, wafu wanaozungumza. Hata hivyo kushiriki njia si kushiriki ulimwengu. Hakuna hata mmoja wao aliyeingia Nagona. Mimi ndiye niliyewaingiza kwa nguvu kwa kuwa nilitaka mji ule uwe na watu.

Mwaka 2008 niliambiwa kwamba kitabu kipya cha Kezilahabi kimetoka Nairobi. Wakati huo alikuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Botswana, na mimi nilikuwa nimekwisha kumngoja miaka sita. Nilikwenda dukani siku hiyo hiyo. Kilikuwa Dhifa, diwani ya mashairi. Niliinunua, nikapanda matatu, nikaifungua, na kwa aibu nakiri kwamba nilikasirika. Mshairi aliyetupa Kichomi na Karibu Ndani amerudi baada ya miaka ishirini, na msomaji wake anakasirika kwa sababu mistari haifiki ukingo wa karatasi! Ilinichukua miaka mitatu kuisoma Dhifa kama inavyostahili.

Kezilahabi alifariki tarehe 9 Januari 2020, Dar es Salaam. Nilipopata habari hizo, wazo lililonijia kwanza lilikuwa la kile kitabu. Nilijikuta ninaomboleza riwaya kabla ya kumwomboleza mtu. Sikumweleza yeyote, na mwaka mmoja baadaye ndipo alipobisha hodi kijana mwenye daftari.

Wengine huyamaliza mambo haya kwa njia nyingine. Robert Jordan, aliyeanzisha The Wheel of Time, alifariki Septemba 2007 bila kukamilisha hadithi yake, lakini aliacha maandishi na maelezo, na mjane wake Harriet McDougal, aliyekuwa mhariri wake, alimteua Brandon Sanderson aimalize. Kitabu cha mwisho kilitoka Januari 2013 na wasomaji wakashusha pumzi. Terry Pratchett aliagiza kinyume chake. Alifariki Machi 2015, na Agosti 2017, kwa mujibu wa matakwa yake, kile chombo cha kompyuta kilichohifadhi kazi zake ambazo hazijakamilika kilipitishiwa gurudumu la mtambo wa mvuke wa kushindilia barabara, huko Dorset nchini Uingereza. Nilipolisoma jambo hilo mara ya kwanza nililiona ukatili kwa wasomaji. Leo naona kwamba aliwajua vyema. Msomaji anayengoja hukichukua chochote atakachopewa, hata rasimu mbovu, akaiita riwaya, kisha akaitumia kuhukumu riwaya zilizo nzima. Nina hakika kwamba kama yangepatikana makaratasi ya Kezilahabi yenye kurasa kumi tu za kitu kinachofanana na Mzingile, mimi ningekuwa wa kwanza kuandika makala juu yake, na yangekuwa makala mabaya.

Yule kijana aliniandikia mwishoni mwa 2022. Alikuwa amekipata Dragons of Deceit na amekisoma kwa siku mbili. Mhusika wake mkuu, Destina Rosethorn, ni binti aliyefiwa na baba yake katika vita vilivyosimuliwa katika riwaya za kwanza, naye anatafuta kifaa cha kusafiria katika wakati ili arudi nyuma akazuie kifo hicho. Basi wasomaji waliongoja miaka kumi na zaidi walipewa kitabu juu ya mtu asiyekubali kwamba hadithi imekwisha kusimuliwa. Kijana alinieleza kwamba katika makisio arobaini ya daftari lao yamethibitika matatu tu. Halikuwa hilo lililomsumbua. Kilichomsumbua ni kwamba aliyaona yale thelathini na saba kuwa bora, na kwamba kila alipofungua kitabu alisikia sauti za bwenini zikimsahihisha mwandishi. Riwaya ya pili, Dragons of Fate, ilipotoka mwaka 2023 na kuwapeleka wahusika hadi enzi ya Huma mwenyewe, alisema haikuwa rahisi tena. Huma alikuwa na riwaya yake ya 1988, na juu ya riwaya hiyo alikuwa pia na Huma wa watu sita waliokuwa wakila chapati na maharagwe wakibishana kama shujaa anaweza kuwa mwoga. Sasa wamekuwa watatu. Yupi wa kweli? Kisheria jibu ni jepesi, kwa kuwa ulimwengu una mwenyewe na hakimiliki yake iko wazi. Swali lake halikuwa la kisheria.

Tulikutana Nairobi, katika mkahawa, na kwa mara ya kwanza nilimweleza juu ya riwaya yangu ya tatu. Nilidhani nitasema maneno mawili matatu. Nilizungumza kwa muda wa saa nzima. Nilimweleza inavyoanza, na mtoto aliyezaliwa baada ya maangamizi akiwa sasa na umri wa kuuliza maswali, akiwauliza wazazi wake majina ya vitu nao wakigundua kwamba wameyasahau. Nilimweleza mahali ambapo sura ya nne inakwama. Hakucheka. Alitoa daftari jipya akaanza kuandika, na nilipomtaka aache alinijibu, "Daktari, hii ni matini."

Mwaka huu ameomba kujiunga nasi kwa shahada ya uzamifu. Pendekezo lake lina kurasa ishirini na mbili na linahusu kungoja kama tendo la usomaji, kwa kuzilinganisha jumuiya tatu: wasomaji wa Dragonlance hapa Nairobi, wazee wa Mombasa waliomngoja Bwana Msa, na wahakiki wa Kiswahili waliongoja baada ya Mzingile. Baba yangu hakuishi hadi kuhojiwa, lakini ndugu zangu wawili wanakikumbuka kisa cha saa ya mfukoni, kila mmoja kwa namna yake, na wamekubali kukisimulia. Mwenzangu mmoja katika kamati amekwisha kuuliza kama hii ni fasihi ya Kiswahili. Ni swali la haki na kijana atalazimika kulijibu vizuri zaidi ya alivyolijibu katika rasimu.

Katika orodha ya matini za msingi ameweka riwaya tisa zilizochapishwa, daftari la bwenini la kurasa tisini na sita, na sura ya tatu ya tasnifu yangu ya uzamili. Hiyo ya mwisho nimemwomba aiondoe. Amekataa, na bado tunabishana.